Kikombe cha Pembeni

Jumatatu, 16 Agosti 2010
Usafi wa ofisi Kista tena, saa kumi na moja alfajiri. Vikombe vya mainjinia, rundo zima, kahawa imekauka chini. Nimeosha, nimekausha. Kisha treni hadi Fittja, kugawa karatasi zenye sura yangu. Mgombea udiwani, huku Uswidi! Miguu inawaka moto. Chama kimeniweka chini kabisa kwenye orodha, eti watu wengi wakitia alama kwenye jina langu nitapanda. Kwa hiyo nawahitaji Warundi wenzangu. Wote.

Ijumaa, 20 Agosti
Birgitta, katibu wa chama, anataka nivae "nguo za asili" kwenye picha. Mimi ni Mtwa wa kwanza kugombea hapa, anasema. Watu waliokuwa msituni kabla ya Warundi wengine kufika. Eti inavutia. Nimemjibu kwamba kwetu nilivaa sketi ya shule, siku nilizokuwa nayo. Hakucheka. Hasira haijaniisha.

Jumapili, 29 Agosti
Mzee Gaspard, mwenyekiti wa umoja wetu wa Warundi, amenisifu mbele ya watu baada ya ibada. "Huyu ni binti yetu." Makofi. Jumamosi mjukuu wake anabatizwa, na ataniombea kura hapo hapo. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 4 Septemba
Sijui nianzie wapi. Pombe ya mtama, chungu katikati ya sebule ya mzee, mirija humo ndani, watu wanapokezana. Zamu yangu ilipofika, mke wa mzee, Mama Diane, akaniletea kikombe cha plastiki. "Mheshimiwa, usijisumbue na mrija." Na kutabasamu juu! Kila mtu alielewa. Kwetu Mtwa hanywi kwenye chungu wanachonywea wengine. Nilidhani desturi hiyo tuliiacha Burundi. Kumbe ilipanda ndege pamoja nasi.

Na chungu chenyewe! Wamekuja nacho kutoka Burundi, kimeviringishwa kwenye blanketi. Nani alikifinyanga kama si Mtwa? Mama yangu amefinyanga vya namna hiyo maisha yake yote. Mikono yetu inafaa, midomo yetu haifai.

Kura zao nazihitaji, nilijua. Nikaweka kikombe chini, nikashika mrija, nikanywa.

Hakuna aliyenitukana. Mmoja akakumbuka basi lake, mwingine mtoto aliyemwacha nyumbani. Chungu kikabaki changu peke yangu.

Jumatano, 8 Septemba
Mama Diane amepiga simu. Eti nimeaibisha wageni. Nimwombe mzee radhi, yaishe, uchaguzi umekaribia. Radhi ya nini, ya kiu? Nimemkatia simu. Kisha nikalia jikoni. Binti yangu akaniuliza kwa Kiswidi kuna nini. Nikamwambia vitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Ijumaa, 24 Septemba
Matokeo. Alama hazikutosha. Mimi ni mjumbe wa akiba: naingia diwani akiugua. Mzee Gaspard nimemkuta kituoni Fittja. "Chama tumekipigia, binti yangu." Jina langu hakuligusa. Ningeomba radhi, leo ningekuwa diwani. Inaniuma vibaya sana, na bado nisingeomba.

Alhamisi, 25 Novemba
Diwani mmoja ana mafua. Nimeitwa.

Kabla ya kikao, kahawa. Vikombe vyeupe mezani, vyote sawasawa. Wenzangu wanachukua, wanapiga soga. Mimi nimesimama tu, mikono imelala. Ilinichukua muda kujua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nasubiri niletewe changu.

Nikachukua kilichokuwa karibu. Nikamimina.