Kwa Baba, Aliyeandika Watoto Watatu

Baba,

Nimeambiwa kwamba huko Kanada unawasimulia watu wa kanisa lenu kuhusu mpwa wako wa Nairobi, ambaye alitumiwa kila kitu akakataa kuja kwa sababu ya kiburi. Kaka Kamau ndiye aliyeniandikia, tena kwa kucheka, kana kwamba ni kichekesho cha familia. Mimi sikucheka. Niliikunja barua yake nikaisukuma chini ya kopo la sukari, kisha nikaenda bombani kunawa mikono.

Ningekuandikia kwa bahasha kama watu wengine, lakini bahasha zangu mbili za mwisho hukuzijibu. Hii basi naiandika wazi. Wa mtaani kwetu Bahati aisome, wa huko kwenu aisome, kisha waseme wenyewe kama ni kiburi.

Nitaanza na mazuri, maana yalikuwepo, na hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi. Ungekuwa baba mbaya tangu mwanzo ningekuwa nimeshakusahau. Lakini nakukumbuka ukirudi kutoka kiwandani saa kumi na moja, shati likinuka mafuta ya mashine, na mfukoni umeniletea vipande vya chuma vilivyojikunja kama nywele za mzungu. Ulikuwa fundi wa kukereza vyuma, na katika mtaa wote hakuna aliyekuzidi. Ulinikerezea pia ya kuchezea, ya shaba, ambayo ilizunguka sakafuni mpaka kaka zangu watatu wakachoka kungoja ianguke. Uliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ndiye binti wako wa kwanza na nilipewa jina la mama yako, kama ilivyo kwetu. Mtu akinigusa ulimwambia, "Huyo ni mama yangu, chunga mkono wako." Na mimi nilitembea Bahati nzima nikiwa na miaka sita, najiona mama wa mtu mzima.

Kisha msimamizi wenu kiwandani akakwambia kwamba Kanada wanatafuta mafundi stadi, na wakimkubali fundi wanampa ukazi wa kudumu, yeye na mkewe na watoto wake. Walikuwa wanapima watu kwa alama. Umri una alama zake, shule ina zake, Kiingereza kina zake, na ufundi ndio wenye alama nyingi. Wewe ulikuwa umefaulu mtihani wa serikali wa mafundi mpaka gredi wani, daraja la juu kabisa. "Fundi wa gredi wani hakosi," ulimwambia mama, na mama akacheka akiwa na unga mikononi.

Kiingereza ndicho kilichokutisha. Kwa hiyo kila jioni kabla ya chakula ulinikalisha juu ya kitanda, ukanivisha koti lako, ukaniambia mimi ndiye ofisa wa ubalozi. Ulinifundisha maswali kwa Kiingereza cha kukariri, nami nikakuuliza kwa sauti ya ukali. Unafanya kazi gani? Umeifanya miaka mingapi? Kwa nini unataka kuhamia kwetu? Ulijibu umesimama wima, mikono nyuma. Ukikosea nilitikisa kichwa nikasema, "Kataa huyu, arudi Nairobi!" Mama alicheka mpaka machozi.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo hukulijibu hata siku moja. Nikikuuliza una watoto wangapi, ulitazama pembeni ukasema, "Hilo ruka, Maitu."

Sikujua sababu mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, Tata Wairimu aliponieleza. Tata ni dada yako, kwa hiyo ananieleza mambo unayodhani hayajulikani. Kwetu mtu hawahesabu watoto wake akamaliza. Ukiulizwa, unamwacha mmoja nje ya hesabu, ili mabaya yasije yakajua idadi yao. Nawe ulikuwa na sababu zaidi ya desturi. Mtu wa sensa alipopita nyumba kwa nyumba, ulimtajia wote watano, na mtoto mchanga ndiye wa mwisho kutajwa. Siku chache baadaye yule mtoto akashikwa na homa, akafa. Hukumwambia mtu kitu, lakini Tata aliona. Tangu siku hiyo hukumaliza hesabu ya watoto wako mbele ya mtu yeyote.

Ndipo ikaja fomu ya Kanada. Uliandika jina la Kamau, ukaandika la wa pili, ukaandika la wa tatu, ukaweka kalamu chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yako akaona, na ndiye aliyemweleza Tata yote. Alidhani utasema mbele ya ofisa, na wewe nadhani ulifikiri hivyo pia. Ukaenda ubalozini umevaa suti ya kuazima, ukajibu yote vizuri, kisha yule ofisa akageuza ukurasa akakuuliza, "Watoto wako wote ni hawa?"

Ukasema, "Ndiyo, bwana."

Mtu anayeweza kupima chuma kwa unene wa unywele, Baba, akashindwa kufika nne.

Na niseme wazi, maana watu watadhani nimekasirikia fomu. Hilo kosa nakusamehe. Lilikuwa la woga, na woga wako ulikuwa na kaburi ndani yake. Kinachonitia kinyaa ni kesho yake. Ulikuwa na kesho yake, na wiki ile, na mwezi ule. Ungeweza kurudi kule ofisini ukasema, "Nimesahau mmoja." Ukaogopa wataona wewe ni mwongo, wafunge faili, alama zako zote zipotee. Ukamwuliza rafiki yako wa kiwandani, naye akakupa hekima yake: "Si ni msichana? Huyo ni wa kuolewa tu. We enda na vijana." Ukaikubali. Mimi ningeitemea mate.

Siku mliyoondoka, majirani walijaa mlangoni wakiimba. Kaka zangu walivaa viatu vipya vyeusi. Mimi nilivaa viatu vyangu vya shule, nikabeba kikapu changu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniambia. Ulichuchumaa mbele yangu ukasema, "Wewe utafuata, Maitu. Nitakuwa nimekuchukua kabla hujamaliza kuota meno." Mama hakunitazama. Alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Meno yaliota yote. Ya mwisho yaliota nikiwa darasa la sita.

Tata ndiye aliyenilea, katika chumba kile kile cha baraza la jiji, kwa kuuza maharagwe katika soko la Gikomba. Mlituma picha. Kamau ndani ya koti kubwa, mama amesimama kwenye theluji kama mtu aliyekosea nyumba. Watoto wa mtaa wetu waliniuliza juu yako, "We Njeri, buda yako si alienda majuu? Sasa wewe uliachiwa nani?" Nilikuwa nawajibu kwamba ninasubiri karatasi za safari. Nilisema hivyo miaka mingi hata wakaniita Karatasi. Nilikuwa sidanganyi. Niliamini.

Na kweli zikaja. Mzee, rais wetu wa kwanza, alikuwa ameshafariki, mtawala mpya ameshazoeleka, mimi nina miaka kumi na sita na niko kidato cha pili. Mtu wa huko kwenu aliyekuja likizo alizileta ndani ya bahasha nene. Nilikimbia nayo mpaka sokoni kwa Tata, nikaifungua juu ya gunia la maharagwe, mbele ya wateja, nikisoma kwa sauti. Nilisoma mistari mitatu kwa sauti. Iliyobaki niliisoma kimya.

Uliandika kwamba huwezi kuniita kama binti, kwa sababu faili yako inasema una watoto watatu, na ukisema leo ni wanne watauliza ulidanganya nini kingine, na ukazi wenu wote utatikisika. Lakini umeuliza, ukaambiwa iko njia. Mtu anaweza kumwita mpwa wake akiwa yatima, mradi hajatimiza miaka kumi na minane. Kwa hiyo Tata aende kwa wakili aape kwamba mimi ni mtoto wa dada yenu Nyambura, yule aliyekufa kijana bila kuzaa. Nami niape kwamba mama yangu ni huyo, na kwamba baba yangu pia amekufa. "Ni karatasi tu, Maitu," uliandika. Na chini kabisa, kwa mkono wa mama: "Fanya tu, mwanangu." Mwanangu! Ndani ya barua hiyo hiyo!

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata Kamau halijui. Nilikubali. Wiki nzima nilifanya mazoezi. Nilisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, nikajiuliza maswali na kujijibu. Mama yako anaitwa nani? Nyambura. Baba yako? Amefariki. Nilisema vizuri, bila kukwama, na siku ya nne nilianza kulia mahali panapofaa. Nilijichukia, Baba. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyekula kitu kilichooza akasema ni kitamu. Lakini nilitaka kumwona mama. Nilitaka kuwa mahali mlipo, hata kwa jina la marehemu. Ningefika pale uwanja wa ndege nikuite mjomba, mbele ya watu, na wewe uitike.

Tukaenda kwa wakili, ofisi ya orofani mjini, mzee wa kwetu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsomea Tata maneno, akampa Biblia. Tata alishaanza kuinua mkono. Yule mzee, akingoja, akanigeukia mimi kwa mazungumzo tu, kama mzee yeyote wa kwetu anavyomwuliza msichana.

"Umepewa jina la nani?"

"La mama ya baba," nikajibu. Hata sikufikiri.

Akaangalia karatasi. "Na baba yako alifariki lini? Hapa hamjajaza. Nipeni tarehe."

Hatukuwa tumefikiria tarehe. Wiki nzima ya mazoezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mtu akifa lazima afe siku fulani. Tata alinitazama. Yule mzee alikuwa na kalamu mkononi, tayari. Ningetaja siku yoyote angeandika. Nilianza kutafuta siku ya kukuua, Baba, na nikajikuta natafuta isiyo na mvua, ili watu waweze kufika mazishini. Nilitoka mbio nikatapikia kwenye ngazi.

Niliporudi nilimwambia, "Hajafa. Anafanya kazi Kanada."

Yule mzee hakushangaa. Alivua miwani akamwambia Tata, "Mama, rudisha mkono chini." Hakutaka hata malipo. Na Tata, njia yote mpaka Bahati, alinishika mkono kama mtoto, akisema, "Ningeapa, Njeri. Ungesema tarehe ningeapa." Alikuwa akilia na kucheka.

Basi hicho ndicho kiburi changu. Nilitimiza miaka kumi na minane na njia ikafungwa. Ulinitumia mstari mmoja: "Umejiharibia mwenyewe." Mama hakuongeza kitu.

Leo nashona sare za shule katika kiwanda kilicho karibu na kile ulichokuwa ukifanyia kazi, na bado kuna mafundi wazee wanaokusifu. Wananiambia, "Baba yako alikuwa na mkono!" Nawaitikia, maana ni kweli. Kisha narudi nyumbani, na ile barua ya Kamau bado iko chini ya kopo la sukari. Umepata ukazi wa kudumu, umepata nyumba, nasikia sasa hata wewe ni mzee wa kanisa. Na bado haikutosha, ilibidi unisingizie. Unanichefua, Baba. Mama ananichefua kwa kunyamaza, na kaka zangu kwa kucheka. Na siku nyingine najichefua mwenyewe, nikikumbuka jinsi nilivyojifunza vizuri kulia.

Nasikia pia kwamba Kamau hukwambia nilikataa kuapa kwa sababu ninakupenda, ili usiwe na uchungu. Mwambie asikudanganye. Pale ofisini ningeweza kukuzika kwa sentensi moja na kupata Kanada yote. Sikukataa kwa upendo. Nilikataa kwa sababu marehemu haoni haya, na mimi nataka uone haya, siku zote utakazoishi huko. Uishi nyingi.

Kwaheri, Baba.

Bintiyo,
Njeri