Maneno Uliyosema Sokoni Keringet

Mheshimiwa,

Tulikuzika Ijumaa, pale chini ya nyumba, upande wa shamba la pareto kama ulivyotaka. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililifanya kwenye mazishi yako, na naona ni haki ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Najua husikii tena. Naandika tu.

Nianze na habari za mjini. Siku moja kabla ya mazishi walikulaza uwanjani Nakuru ili watu wakuage. Foleni ilitoka getini, ikazunguka ukuta wote, ikarudi ilikoanzia. Wanawake wa ushirika wa maziwa walikuja na leso zenye picha yako, ile ya zamani, ulipokuwa bado na nywele. Wasichana wa shule uliyojenga walipanga mistari na sare zao, na mwalimu wao mkuu, ambaye alisoma hapo hapo, alishindwa kumaliza hotuba yake. Wale wapinzani wako wawili waliokuita mwizi kwenye redio walilia mbele ya kamera. Mmoja alilia vizuri sana.

Mimi niliwekwa penye maiki, kama kawaida.

Unakumbuka ulivyonipata. Nilikuwa nafundisha Kiswahili shule ya msingi, ukaja kufungua madarasa mawili, na mkalimani wako siku hiyo alikuwa amelewa. Mwalimu mkuu akanisukuma mbele. Wewe ukasema kwa lugha yetu ya nyumbani, mimi nikageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani waliotoka magharibi, ambao walikuwa nusu ya wazazi. Ulipomaliza uliniuliza, "Mwalimu, umejifunza wapi kusema maneno yangu vizuri kuliko mimi mwenyewe?" Nilifurahi wiki nzima. Kutoka hapo hukufanya mkutano bila mimi, chaguzi tano ulizoshinda na ile moja uliyoshindwa.

Nakukumbuka ukivua viatu kwenye gari na kuweka miguu juu ya dashibodi. Unakula mahindi ya kuchemsha, unaniuliza ng'ombe wangu yule mwekundu anaendeleaje, na jibu unalisikiliza kweli. Nakumbuka pia siku mke wangu Ruth alikwama kujifungua. Barabara ilikuwa matope matupu na hakuna gari lililokubali kushuka kwetu. Ulikuwa kwenye kikao cha kamati. Ulitoka, ukaja na gari lako, ukashuka na suti ile ya kijivu ukasukuma pamoja na sisi mpaka tukatoka. Chebet, aliyezaliwa siku hiyo, ana miaka thelathini na moja sasa, ni muuguzi. Mke wangu na mtoto wangu wako hai kwa sababu yako. Sijawahi kusahau hilo, na wewe hukuwahi kunikumbusha. Watu wengi wangenikumbusha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Hapo uwanjani, mwendo wa saa saba mchana, mama mmoja alisimama mbele ya jeneza lako muda mrefu kuliko wengine. Hakulia wala hakukunja mikono kifuani. Alikuangalia tu, mpaka msichana wa kuelekeza watu akamwambia, "Mathe, songa kidogo, wengine wanangoja." Akasonga. Lakini badala ya kutoka alikuja kwenye hema nilimokuwa na maiki.

"Mwalimu," akasema. "Unanijua?"

Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa Kwamboka, jirani yetu wa zamani Keringet, mke wa Momanyi aliyekuwa anatengeneza baiskeli karibu na soko. Baada ya vurugu za mwaka ule alihamia Bondeni, huko huko Nakuru, na watoto wake, na sikuwahi kwenda kumwona. Kutoka kwetu hadi Bondeni ni nauli ya matatu moja tu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Siku ile sokoni, alisema nini?"

Sikumuuliza siku gani. Nilimwambia watu ni wengi, nitakuja kwake jioni wakishafunga uwanja. Alinielekeza nyumba, akaenda zake.

Nilikwenda kabla jua halijashuka. Ana chumba kimoja na cherehani mlangoni, anashona sare za shule. Alinipa kiti, akanipa chai, akakaa mbele yangu na mikono magotini. Mheshimiwa, nilimwambia. Nilimwambia yale maneno kwanza kwa lugha yetu, jinsi ulivyoyasema, halafu kwa Kiswahili, jinsi nilivyopaswa kuyasema siku ile. "Hawa waliokuja na mabunda kichwani, wataondoka na mabunda kichwani. Na msiniulize ni lini."

Wewe ulisema hivyo, watu wetu wakacheka na kupiga makofi. Na mimi, nikiwa kando yako na maiki ya pili, niliwaambia wale wengine, "Mheshimiwa anasema hata waliotoka mbali ni watu wetu, tuishi kwa amani." Wakapiga makofi pia. Momanyi alikuwa mstari wa pili na alipiga makofi kwa nguvu, nilimwona.

Kwa miaka yote hii nimejiambia niliokoa hali siku ile. Kwamba maneno yako yangefika kwa Kiswahili, soko lingewaka moto pale pale. Labda ni kweli. Pia ni kweli kwamba niliogopa, na kwamba tulipopanda gari ulinigonga begani ukasema, "Umetafsiri vizuri sana, Mwalimu." Ulijua nilichofanya. Kilikufaa. Waliotakiwa kusikia walisikia, na waliotakiwa kukimbia hawakukimbia.

Kwamboka aliangalia mikono yake. Halafu akaanza kusema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Shemeji yangu wa Subukia alikuwa ametuletea lori. Alikuwa amesikia minong'ono. Tulikuwa tumeshapakia kitanda na meza. Momanyi akarudi kutoka sokoni akasema, pakueni, Mheshimiwa mwenyewe amesema tuishi kwa amani. Lori likarudi tupu."

Unajua kilichofuata siku ya tatu. Nyumba zilichomwa kutoka sokoni hadi mtoni. Momanyi alirudi ndani kuwatoa ng'ombe, na hakutoka. Wewe ulikuja na chakula cha msaada baada ya wiki moja, ukalia kwa machozi ya kweli, na nikatafsiri kilio chako.

"Kwa hivyo ilikuwa wewe," Kwamboka akasema.

Nikasema ndiyo.

"Kesho utasimama tena?"

"Wameniomba."

"Na wakisema vile tena?"

Nilimaliza chai kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi, nikatoka. Njiani nilikuwa na hasira naye, nakuambia ukweli. Nilijiambia wewe umekufa, ni mazishi, nani atasema vile kwenye mazishi.

Ijumaa kulikuwa na helikopta tatu kwenye uwanja wa shule. Wageni kutoka Nairobi walikaa hema la mbele, maaskofu upande wa kulia, na majirani wetu waliorudi kujenga upya, wale wachache, walikaa nyuma kabisa karibu na choo cha wanaume. Redio mbili zilikuwa zinatangaza moja kwa moja. Nilitafsiri kuanzia asubuhi. Nilitafsiri mzee aliyesimulia ulivyotembea kwa miguu kuleta maji ya bomba, na mama aliyesema bila shule yako angeolewa na miaka kumi na nne. Sikupunguza kitu. Watu walilia, nami nikalia kidogo nikiendelea kusema.

Halafu akasimama Kiprono, kifungua mimba wako. Kila mtu alijua anataka kiti chako. Alianza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, akashukuru, akasoma majina. Kisha akageukia watu wetu, akaingia lugha ya nyumbani, sauti ikapanda ikawa yako kabisa. Akasema, "Baba alituambia waliokuja na mabunda wataondoka na mabunda. Kazi hiyo hakuimaliza. Ametuachia sisi."

Vijana wa upande wa kushoto walipiga mluzi. Wageni wa Nairobi walitabasamu, wakidhani ni jambo zuri. Kule nyuma watu walinigeukia mimi, wakingoja.

Maiki ilikuwa mkononi. Nitakuambia nilichofikiria: sikumfikiria Momanyi, wala Mungu. Nilifikiria kwamba gari lililonileta ni la Kiprono, na kwetu ni mbali. Halafu nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, pole pole, neno kwa neno, pamoja na mabunda, pamoja na kazi ambayo haijaisha, pamoja na sisi tulioachiwa.

Nilisikia jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Mgeni mmoja mkubwa alimwinamia mwenzake. Kule nyuma mwanamume mmoja alimshika mtoto wake mkono akasimama.

Kiprono alicheka. "Samahani, wageni wetu," akasema kwa Kiswahili. "Mwalimu ni mzee, amechoka. Hakusikia vizuri. Nimesema tuendeleze kazi ya Baba, ya maendeleo."

Watu wakaanza kupumua. Wengine walinionea huruma. Na mimi, Mheshimiwa, mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaanza kurudi nyuma.

Hapo ndipo mama watoto wako akasema. Hakusimama, unajua magoti yake. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya jeneza, amejifunga leso nyeusi, na huwa haongei Kiswahili mbele za watu kwa sababu anaona aibu na matamshi yake. Aliomba maiki kwa mkono. Akasema, "Mwalimu amesikia vizuri. Kiprono, mimi nilikuzaa. Umesema hivyo hivyo. Omba msamaha, au ukae chini tumzike baba yako."

Kiprono alikaa chini. Hakuomba msamaha. Askofu akatuombea haraka haraka, na kwaya ikaanzisha wimbo kabla ya zamu yake.

Tukakuzika. Nilitupa udongo kama wengine.

Baadaye nilitaka kumshukuru mama. Alinikatiza. "Hata siku ile ya soko nilikuwa hapo," akasema. "Nilisikia alichosema na nikasikia ulichosema. Nikanyamaza. Usinishukuru." Kisha akaingia ndani.

Sikupata gari la kurudi. Nilitembea mpaka barabara kuu. Vijana wengine walinipita kwa pikipiki na kunitukana, mmoja alinitupia ganda la ndizi. Chebet alinipigia simu kutoka kazini kuniuliza kama niko salama, na nikamwambia niko. Tangu hapo watu wa ofisi yako hawachukui simu zangu, na jirani ambaye tumeazimana majembe miaka thelathini ananisalimia akiangalia pembeni. Lakini yule mwanamume aliyesimama na mtoto wake alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa. Alinishika mkono muda mrefu, akaondoka.

Jumatatu Kwamboka akanipigia. Alikuwa amesikiliza yote kwenye redio, mashine yake ikiwa imesimama. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alisema, "Nataka kuona mahali Momanyi alizikwa. Sijawahi kurudi. Utanipeleka?"

Anayelima sasa pale palipokuwa na nyumba yao ni mtu ninayemjua vizuri, na wewe unamjua pia, maana wewe ndiye uliyemkalisha hapo. Nilimpigia simu. Akasema, "Kuna mawe matatu pale chini ya mti. Kila mwaka nalima nikiyazunguka. Mwambie aje."

Tunaenda Jumamosi.

Watu hapa wameanza kubishana ulikuwa mtu wa namna gani. Barabarani wanakuita baba wa elimu, na kwenye simu wanakuita kitu kingine. Wananiuliza mimi, kwa sababu nilikaa karibu nawe. Nawaambia kuhusu suti ya kijivu ndani ya matope, na nawaambia kuhusu soko. Wengi wanataka nichague moja. Nakuahidi sitachagua, na sitapunguza upande wowote, hata kwa kukuonea huruma, hata kwa kujionea huruma mimi.

Nilikupenda, Mheshimiwa. Ningetaka uwe hai nikuambie haya usoni, ukasirike, unishushe garini, halafu kesho yake utume dereva anirudie. Lala sasa. Mama anakusalimia, japo hakuniambia nikusalimie.

Ni mimi,
Mwalimu wako