Faini ya Profesa

Minneapolis, Januari 1996

Shikamoo Baba,

Nakuamkia na vidole vilivyoganda, ila moyo una joto. Juzi profesa wetu wa historia alitusimulia habari za chuo kikongwe cha Italia, ambako zamani wanafunzi ndio waliowaajiri walimu, na mwalimu akichelewa walimtoza faini. Jana gari lake likakwama kwenye theluji. Alipoingia, huku anahema, nikainuka kama ulivyotuzoesha darasani kwako Korogwe. Kumbe nimesimama peke yangu! Akadhani nadai faini.

“Haya, nakiri kosa,” akasema. “Nilipe nini?”

Baba, tangu nifike sikuwahi kufungua mdomo darasani. Nikajikuta nasema, “Sambusa!” Walicheka mpaka madirisha yakatikisika.

Leo kaja na sinia zima la sambusa kutoka kwa Wasomali wa mtaa wa Phillips, za moto, zinanukia bizari. Alipotokea mlangoni, darasa zima likasimama.

Msalimie Mama, mwambie zake bado hazina mpinzani. Mungu awatunze. Ila habari hii ya Italia usiwasimulie wanafunzi wako, Baba. Kwa kuchelewa nakujua.

Mwanao,
Subira