Pedali ya Manjano ya Bulonza

Ndosho, Goma
Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Papa mupenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, miwani ikiwa puani na si kichwani, mahali unaisahauga kila siku. Na muguu wa Mama umepoa? Umuambie ile dawa ya kupaka niliyomutumia si ya kugawia kila jirani anayelia mugongo. Sisi huku tuko, tunakula, tunapumua, na current ya umeme inakuja na kuondoka inavyotaka yenyewe. Watoto wangu wako wazima. Mimi mwenyewe, Papa, afya iko, ila utulivu hakuna. Barua hii nimeianza mara nne. Naandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya kazi, na kila mistari mitatu naenda mulangoni, naangalia barabara kama vile kuna mutu namungoja, halafu narudi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Papa, wewe kwenye simu unapiga kelele kama unaita mutu aliye ng'ambo ya ziwa, na mimi ningekata kabla ya kufika mwisho. Najijua. Ndiyo maana barua namupa Rémy, yule anayefanya kazi kwenye boti ya Bukavu, na nimemuapisha akupe wewe mukononi.

Habari ya kwanza ni ya yaya Bulonza, mukubwa wetu. Mutoto wako sasa ni mutu wa kutafutwa. Wiki mbili zilizopita alifika mwanamuke kutoka Kinshasa, jina lake Julie, anaandika kitabu juu ya wapiga gitaa wa inchi yetu. Maisha yao hayataki, anasema hayo yameshaandikwa na kila mutu. Yeye anataka vyombo: gitaa gani, nyuzi gani, pedali gani. Pedali, Papa, ni vile visanduku vya chuma ambavyo Bulonza anakanyaga akiwa anapiga, na sauti ya gitaa inageuka. Wewe ulikuwa unaviita breki.

Kwa kuwa tangu mwanzo ni mimi ninayevitengeneza, walimuleta huku atelie, kwenye karakana yangu. Yaya alipanga vyote juu ya meza kama mutu anayeuza soko. Ile gitaa nyekundu ya Bujumbura, ambayo shingo ilivunjikia kwenye lori na nikaikaza kwa bulon, bolti ya pikipiki. Ile nyeusi aliyoachiwa na padri. Ile ya tatu ambayo yaya haipendi lakini inatoka vizuri kwenye picha. Halafu pedali: ya kurudisha sauti kama mulimani, ile inayolia mwaa-mwaa, na ya manjano. Julie aliuliza, akaandika, akauliza tena, hata bulon ya pikipiki akaipima kwa rula. Nilianza kumupenda, kusema kweli.

Lakini ni ya manjano iliyomutoa Kinshasa. Unakumbuka ule wimbo wa 2014, ule wanaoupiga mpaka leo kwenye ndoa zote, na hata wewe nilikukamata siku moja ukitikisa kichwa? Ile sauti yake nene, yenye kukwaruza kidogo, inakwama halafu inatoka. Inatoka kwenye sanduku lile. Julie alituambia kwamba Kinshasa vijana wanagombana juu yake. Wananunua pedali ya manjano ya kiwanda kile kile, namba ile ile, na hawaipati sauti. Kuna wanaoapa kwamba Bulonza aliweka ndani unga wa jiwe la volkano ya Nyiragongo. Wengine eti anaosha nyuzi kwa maji ya ziwa kabla ya jua kutoka. Yaya alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka kwa mudomo tu.

Ndipo Julie akaomba ruhusa: Jumamosi tufungue ile pedali, apige picha ya tumbo lake, na picha hiyo ichukue ukurasa muzima wa kitabu. Yaya alijibu kwamba afungue hata leo, yeye hana la kuficha. Turnevis, bisibisi yangu, ilinianguka mukononi, ikabingirika mpaka chini ya kabati, na niliitafuta muda murefu kuliko ilivyohitajika.

Habari ya pili ni ya Munguakonkwa. Najua hutaki jina hilo litajwe nyumbani kwako. Vumilia, Papa, barua haisikiwi na majirani. Mudogo wetu yuko hai. Analima viazi Kibumba. Mara mbili vita imemukimbiza mpaka kambi ya Kanyaruchinya, mara mbili amerudi na kukuta wengine wameshavuna, na mara mbili amepanda tena. Sasa anataka kuoa. Msichana anaitwa Fabiola, ni mushonaji hapa Ndosho, wazazi wake ni watu wa Butembo, wakatoliki wa kusimama, si watu wa muchezo. Nimemuona. Anamutuma Munguakonkwa kunawa mikono na yeye anaenda bila neno, basi utajua mwenyewe.

Alienda na rafiki zake kujionyesha kwa wakwe. Walipokelewa vizuri, wakapewa Fanta. Halafu baba wa msichana akauliza baba ya kijana yuko wapi. Munguakonkwa akajaribu kusema baba mudogo atakuja. Yule muzee aliweka chupa chini na kusema kwamba mutoto ambaye baba yake mwenyewe alimufungia mulango, yeye hawezi kumufungulia wa kwake. Amewapa mpaka mwisho wa mwezi huu. Uje wewe, Papa, ama litoke neno lako kwa maandishi. La sivyo, viazi vyake akauze kwingine, ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo Jumatano mudogo wetu alifika atelie na nusu gunia ya viazi, akaketi juu ya kasha la betri, akaniomba nikuandikie kwa niaba yake. Alisema wewe unanisikia mimi, kwa sababu mimi sijawahi kukudanganya. Papa, nilimutengenezea chai na nikatia chumvi badala ya sukari. Aliinywa yote.

Nimetoka mulangoni tena. Kuna mutu anapitisha mbuzi. Basi, acha niseme, kwa sababu mbuzi hawaishi kupita hapa Ndosho na mimi nitaangalia mpaka usiku.

Ile 2014, siku chache kabla ya yaya kuingia studio, pedali ya manjano ilikufa. Niliifungua nikakuta transista mbili zimeungua. Ni vidude vidogo vya miguu mitatu, vya aina ya zamani, vile vilivyokuwa ndani ya redio za wakati wenu. Nilizunguka mitaa yote ya Birere, nikaingia kwa kila mutu mwenye fer ya soudure, chuma cha kulehemu. Hakuna. Siku ile ile nikapanda boti kuja kwenu, kwa sikukuu ya Mama. Wewe ulikuwa kwenye mukutano wa parokia, Mama alikuwa soko. Redio yako ilikuwa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha krosheti. Niliifungua, Papa. Nikatoa transista mbili nikazifunga kwenye kitambaa changu cha mukono. Nilijiambia ni wiki mbili tu, nitaleta zingine, utafikiri redio imechoka yenyewe, hutajua.

Na ungejua. Kwa sababu wewe hukuwa unaamini fundi hata mumoja. Unakumbuka siku ulichukua vernis, ile rangi ya kucha ya Mama, ukaifungua ile redio, ukatia doti nyekundu juu ya kila kitu kilichomo, ili fundi akibadilisha umukamate? Mama alikucheka wiki nzima kwamba umeivalisha redio kama bibi arusi. Zile doti niliziona. Niliziona vizuri, na nikatoa.

Sauti ile ilizaliwa na transista za redio yako. Si jiwe la Nyiragongo, si maji ya ziwa. Siku ya kurekodi, yaya alipoikanyaga mara ya kwanza, watu wote studio walisimama. Na mimi nilisimama, nikafurahi, kwa nini nikudanganye tena.

Wiki ile ile shangazi akafa kule Kalehe. Kule hakukuwa rezo, mutandao wa simu. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi na jioni, siku mbili, na jina lako lilitajwa la kwanza katika wanaoitwa. Redio yako ilikuwa kimya. Ulipopata habari, dada yako alikuwa ameshazikwa. Nilirudi kwenu na boti siku iliyofuata, nikakukuta umeifungua redio mezani, unahesabu doti, mbili hazipo. Munguakonkwa alikuwa ameshauza kwa siri saa yako ya ukutani mwaka uliotangulia. Nani angetafuta mwizi mwingine? Aliapa kwa Mungu, aliapa kwa shangazi. Ukasema kwamba mpaka siku ile redio itasema, wewe na yeye hamusemezani. Mimi nilikuwa nyuma yako na glasi ya maji niliyokuletea. Niliiweka mezani. Nikanyamaza.

Nimenyamaza miaka kumi na moja. Si Munguakonkwa, Papa. Ni mimi.

Na sitajipamba. Pengine, kama si ile picha ya Julie, ningekuwa nanyamaza mpaka leo. Niliona kichwani mwangu doti za vernis kwenye ukurasa muzima, na wewe na miwani yako. Ndivyo nilivyo, aibu ni yangu.

Jumatano, chai ya chumvi ilipokwisha, nilimuambia mudogo wetu yote. Akanijibu kwamba anajua. Siku ile alikuwa nje anapiga viatu rangi chini ya dirisha, akaniona nafunga kitambaa. Papa, nilimupigia kelele mpaka jirani anayeziba pneu za magari akaja kuuliza. Nilimuita mupumbavu, nikamuuliza alinyamaza kwa nini, miaka yote hii, hata kambini, hata kwa wakwe. Alisema wewe ulikuwa na mutoto mumoja tayari ambaye humuamini, hakuona faida ya kukuongezea wa pili. Halafu akauliza kama iko chai ingine, yenye sukari. Nililia juu ya amplifikateri ya watu.

Ijumaa nilimuambia yaya. Alikasirika. Alisema nataka kumukata ulimi, kwamba mwezi ujao ana konseri, kwamba ningemuambia wakati ule au nisimuambie kabisa. Ana haki. Nilifungua sanduku nikamuonyesha. Vernis ya Mama aliitambua bila kuuliza. Na ni yeye ambaye shangazi alimubeba mugongoni utotoni, si mimi. Hata hivyo alihangaika muchana muzima: akajaribu transista zingine, akajaribu pedali ya rafiki, akabadilisha gitaa zote tatu, anapiga mistari miwili anaacha. Sauti haikuwa hiyo. Jioni alikaa chini, akalishika sanduku kwa mikono miwili lisitikisike, akaniambia nitie fer, nizitoe.

Julie Jumamosi alipiga picha ya pedali yenye nafasi mbili tupu. Aliuliza kilichokuwemo. Yaya akamuambia ni vitu vya baba yetu, na vinarudi kwao.

Transista ziko hapa ndani ya pamba, kwenye mukebe wa maziwa. Nimezipima, zote mbili ni nzima. Sikumupa Rémy, nitazileta mwenyewe na boti ya Alhamisi, pamoja na fer yangu, na nitazirudisha mahali pake mbele ya macho yako, uhesabu doti zako. Ukitaka kunifukuza baadaye, nifukuze, nitavaa viatu vya kutembea. Ila unifukuze mimi. Na lile neno la kwa wakwe usilitie kwenye kesi yangu, mwisho wa mwezi hauko mbali.

Munisalimie jirani wote na wale wa korali. Mama umuambie vernis yake ilikuwa ya nguvu, haijabanduka. Yaya anakusalimia, ana kazi ya kutafuta sauti ingine na hasemi sana. Munguakonkwa anakusalimia pia, hakunituma, ni mimi nasema.

Tunakuja naye. Hataingia, amekataa kuingia bila kuitwa. Atasimama hapo nje chini ya lile dirisha. Kiapo kilikuwa chako, Papa: mpaka redio iseme. Alhamisi, kabla ya habari za jioni, itasema. Dirisha uliache wazi.

Ni mimi mutoto wako,
Ange