Alhamisi Nilizomnyima Mama

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na wanangu je? Kile kifua chako kimepona? Sisi ni wazima, na leo Mama amemaliza sahani yake. Mwezi uliopita nisingeweza kukuandikia hivyo.

Barua yako nimeipata. Umenisifu mno kwa kumtunza Mama. Nilisoma mpaka hapo, nikaikunja. Kaka, sistahili, na ni bora uyasikie kwangu mimi mwenyewe.

Unajua Mama alivyokuwa hakosi sala ya wazee kanisani, kila Alhamisi alasiri. Mwezi wa nne aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akachubuka kiwiko tu. Nilikwambia kwenye simu kwamba nimemkataza kwenda kwa ajili ya usalama wake. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Alhamisi ndiyo siku wateja wa sare za shule hunijaa, na kumsindikiza, kumsubiri na kumrudisha kulikuwa kumenichosha. Kuteleza kwake kukanipa kisingizio. Nikamwambia, "Mama, Mungu yupo hata hapa nyumbani." Akanitazama, akasema, "Yupo." Basi.

Wenzake walikuja kumjulia hali, wakiongozwa na yule mkunga mstaafu aliyetupokea sote wawili tulipozaliwa. Mara mbili niliwaambia mlangoni kwamba Mama amelala. Hakuwa amelala. Nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, sikutaka gumzo na vikombe vya chai.

Mama akaanza kunywea. Chakula anakisogeza pembeni, usingizi hapati. Zamani alikuwa akifua vitambaa vyake huku anaimba, sasa kimya. Presha ikapanda, ingawa vidonge anameza kila siku. Nikampeleka zahanati.

Daktari, binti mdogo tu, alitazama vipimo, akaweka kalamu chini. "Bibi, kuna kitu ulichozoea kufanya ambacho siku hizi hufanyi?"

Nikaangalia sakafu. Mama akajibu bila kusita, "Nilikuwa nasali na wenzangu. Nimeacha mwenyewe, mwanangu. Miguu imechoka."

Kaka, Mama yule yule aliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari! Alidanganya mbele ya daktari ili mimi nisiumbuke.

Daktari akasema dawa asiache hata siku moja, maana sala si badala ya vidonge. Lakini mzee akitengwa na ibada yake na watu wake, akasema, mwili nao hususa. "Huyu hapa si atakusindikiza?" Nikaitika kwa kichwa, kama mtu mwema.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia yote, hata ya mlangoni.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nasikia sauti zao."

"Mbona hukuita, Mama?"

"Ningeita, ungeonekana mwongo mbele ya watu waliokuona ukizaliwa."

Nililia, Kaka, wagonjwa wakadhani nimepewa majibu mabaya.

Sasa Alhamisi nafunga cherehani. Siku ya kwanza mkunga alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akaniuliza bila kucheka, "Ameamka?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mama wakamkalisha katikati yao, wakamshikashika mabega kama mtoto aliyepotea akapatikana. Presha imeshuka, ingawa si sana, na uimbaji umerudi, bila kufuata tuni, kama kawaida yake. Amenisamehe. Mimi ndiye bado siwezi kumwangalia usoni.

Hajui kwamba nimekuandikia, angenizuia. Ukipiga simu usimuulize habari hizi. Mwombe tu akuombee, utasikia sauti yake inavyopata nguvu.

Msalimie sana Shemeji, na wanangu wote, hasa kitinda mimba ambaye sijamwona. Mungu awafunike nyote, na akuletee siku ya kuja ungali na mama wa kumkumbatia.

Mdogo wako akupendaye, mwenye aibu yake,
Sindano.