Kisanduku cha Wageni

Jumanne. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, na kila kitu huku landhi, kwenye nyumba za watumishi wa reli, kina unga mweupe wa magadi: madirisha, sufuria, hata kope za watu. Nina hasira, na hasira yenyewe haina haraka ya kuondoka.

Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza nilichofundishwa shuleni ni cha kuomba ruhusa na kushukuru. Leo hakinitoshi.

Mama ana kichomi. Daktari mwenyewe alimwambia, huku akimnyooshea kidole kama mtoto, kwamba achomwe sindano kila siku na asikose hata siku moja, maana akikosa ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Baba yuko safarini na gari la moshi. Kwa hiyo mimi, niliye likizoni, ndiye ninayemshika mkono mpaka kwa daktari, tukipumzika kila penye kivuli.

Leo tulikuta mahali pamegeuka. Kuta zimepakwa chokaa, na mawe ya kando ya njia pia. Sakafu ya veranda imesuguliwa mpaka inateleza. Dresa, yule anayetuchoma sindano, alikuwa ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi kiasi cha kusimama lenyewe. Lile lake la kila siku lina alama ya kila dawa aliyowahi kumwaga. Mabenchi yalikuwa matupu. Wagonjwa walikuwa wamesukumwa nje ya ua, kwenye vumbi.

"Wewe mama, leo hapana sindano," dresa akasema. "Bwana Afya anakuja kukagua. Rudi kesho."

"Daktari alisema nisikose, mwanangu."

"Ni daktari huyohuyo amesema mrudi."

Mzee mmoja aliyejifunga kitambaa shavuni kwa ajili ya jino akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama, hicho kichomi kiambie kipumzike kidogo. Hata jino langu limepewa likizo."

Watu walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu, kama ninavyofanya kila mahali penye watu zaidi ya wawili.

Kumbe kliniki safi kabisa ni ile isiyo na mgonjwa.

Mama alikataa kuondoka. Hakugombana, alikaa tu chini kando ya ua, akashika ubavu wake. Basi nikasimama hapo, na kwa kuwa ua ni mfupi na madirisha yalifunguliwa ili yaonekane yakiwa wazi, nikaona ukaguzi wote.

Bwana Afya ni Mzungu mwenye soksi za kufika magotini. Alipitisha kidole dirishani, akakitazama. Alichungulia mfereji wa paa kutafuta mbu. Choo alikinusa kwa mbali, kama mtu anayenusa maua ya jirani. Daktari alimfuata nyuma akichekea kila neno. Kisha dresa akafungua kabati la vioo, akaondoa kitambaa kilichofumwa kwa uzi, na chini yake kulikuwa na kisanduku cha kuchemshia sindano, kinang'aa kama kioo.

Sijawahi kukiona nje ya kabati. Sindano yetu hupanguswa kwa pamba, ikatoka mkono huu ikaingia mkono ule. Mtoto wa jirani yetu alipata jipu la paja kama chungwa kwa sindano ya pale.

Nilijiuliza kitambaa kile nimekiona wapi, nikakumbuka. Kwetu. Mama ana vikombe vyenye maua ya waridi, amevifunika hivyohivyo kabatini, na sisi wenye nyumba tunakunywa kwa vikombe vya bati. Vile ni vya wageni.

Na kisanduku ni cha wageni. Sisi wagonjwa ndio wenye nyumba.

Bwana Afya alipotoka kuelekea gari lake, Mama akakohoa. Kikohozi kile kinachomkunja. Bwana Afya akasimama, akauliza ni akina nani hawa. Daktari akajibu bila hata kugeuza shingo: "Jamaa za watumishi wangu. Wanasubiri lori liwachukue."

Alisema kwa Kiingereza, mbele yetu, kama mtu anavyosema mbele ya mbuzi. Hiyo ndiyo faida ya shule yangu: kuelewa ninapodharauliwa.

Nikasema.

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba ni mimi. Nilisema, kwa Kiingereza, huyu ni mama yangu, amekuja kwa sindano yake, daktari amekataza asikose, na amefukuzwa kwa sababu wewe, bwana, umekuja. Kicheko cha daktari kilikatika kama redio iliyozimwa.

"Basi achomwe," Bwana Afya akasema. "Nitatazama."

Kisanduku kikatiwa maji kwa mara ya kwanza tangu kiundwe. Dresa hakujua kifuniko kinafungukaje. Alikizungusha mara huku mara kule kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Maji yalipochemka, ikaelea juu karatasi ya kiwandani, ile inayobandikwa ndani ya kitu kipya. Bwana Afya akaitazama. Akamtazama daktari. Halafu akatazama saa yake.

"Hiyo karatasi mngeibandua," akasema. Akaenda zake.

Huo ndio ukaguzi. Kwa huo yalipakwa chokaa mpaka mawe.

Lakini Mama alichomwa. Kwa sindano safi.

Nisijisifu. Nilimsemea Mama peke yake. Mzee wa jino alikuwa hapohapo nyuma yangu, na sikumtaja. Gari lilipoondoka dresa alimfukuza kwa mkono kama kuku, kisha akanigeukia mimi: "Wewe msichana wa Kiingereza, kesho tutaonana."

Tulipofika nyumbani nilifungua kabati, nikaondoa kitambaa, nikamtilia Mama chai katika kikombe cha waridi.

"Mgeni ni nani?" akauliza kwa hofu, akitazama mlango.

"Ni wewe."

Nilidhani atanigombeza. Alikishika kwa mikono yote miwili, akanywa. Kisha akasema, "Na kesho, mwanangu? Kile kisanduku kitakuwa kimerudi kabatini."

Najua. Kitakuwa chini ya kitambaa chake, na pamba itakuwa mezani, na dresa atakuwa amevaa lile koti lake la madoa. Nitasimama mbele ya kabati na sitaondoka mpaka kifunguliwe, kwa Mama na kwa yule mzee.

Nimefanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo jioni nzima. Safari hii ni ya Kiswahili, maana hakutakuwa na Mzungu wa kuyasikia. Itabidi daktari na dresa wenyewe wayasikie.