Mwanamieleka Niliyemfuta

Mwana wanje, mwanangu Saidi,

Anayeandika ni mkeo Zaituni. Shule mimi sikuiona, unajua, kwa hiyo nasema na yeye anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Uliondoka bila kuaga. Homa siku mbili, basi. Hilo sijakusamehe.

Hapa Buzebazeba jirani ameezeka bati jipya. Kibanda chako cha kuchaji simu kimefungwa. Lile gemu lako la mieleka la Wajapani nililifunika kanga, nikakataza mtu kuligusa.

Unakumbuka ulivyolileta? Ulilitoa kwenye mitumba, maandishi yote ya kwao, kama nyayo za kuku kwenye tope. Ukasema, "Mama, leo tumelingana, mimi pia sijui kusoma." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe na kidato chako cha nne! Ukanifundisha vitufe: duara ndiyo, msalaba hapana. Ukatengeneza mwanamieleka wa kike mwenye kilemba na makalio yangu, halafu ukajitengeneza wewe, mwembamba kama ufito. Majina tuliwapa kwa kuchagua herufi zenye sura nzuri. Langu lina kitu kama kikapu cha dagaa. Mpaka leo hatujui tunaitwa nani.

Kila Ijumaa, nyama ya samaki migebuka bado iko kwenye meno, tulikuwa tunapigana kwenye gemu. Hukunihurumia hata siku moja. "Inuka, Mama, watu wanakuangalia!" Na mimi nakutukana kwa Kiha, majirani wanachungulia.

Sasa sikia kosa langu. Ijumaa iliyopita nilitamani kukuona. Nikawasha peke yangu. Nikafika kwenye jina lako, swali likatokea, nikabonyeza duara. Swali jingine, duara. Si ulinifundisha nisiogope kusema ndiyo? Ukatoweka, Saidi. Nimekufuta kwa kidole changu mwenyewe. Nilipiga yowe kuliko siku ya mazishi.

Zaituni alikuja mbio, mikono ina unga. Hakunilaumu. Akasema, "Mama, sogea, tumtengeneze upya." Tukaanza kugombana hapohapo. Mimi nasema mabega membamba, yeye anasema mapana. "Mama, wewe unamkumbuka mtoto. Mimi nililala na mtu mzima." Mkeo ana mdomo! Nikakubali, maana ni kweli. Mabega yakawa mapana. Kwenye masikio nilikataa katakata, nikampa makubwa, ya baba yako. Kovu la kidevuni hatukulipata. Labda lipo, tutasoma wapi?

Tulipomaliza, ugali ulishapoa. Si wewe. Lakini anaingia ulingoni kifua mbele, na Zaituni akacheka, mara ya kwanza tangu akae eda.

Sijapigana naye. Nilishika padi ya gemu, nikaiweka chini. Kumpiga mtoto aliyekufa, nani anafanya hivyo? Zaituni ananiambia, na anaandika hili huku analia, kwamba nisipompiga atabaki amesimama tu pale peke yake, ananisubiri.

Basi lala, mwanangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Ijumaa nitampiga. Nitamrusha nje ya kamba, nitamkalia kifuani, mwamuzi ahesabu hadi tatu. Na Zaituni nitamfundisha, naye akupige kwa zamu yake.

Mama yako